Vibofu Vyekundu vya Baba

Juzi mjukuu wangu, ambaye ni nesi na kwa hiyo anajiona anaujua mwili wangu kuliko mimi mwenyewe, aliniletea mfuko wa mpira wa kutilia maji ya moto ili niulalie mgongo. Mfuko mwekundu, mpya, bado una ule unga wake mweupe wa dukani. Akautia mdomoni akaanza kuupuliza, eti aone kama unavuja. Nilipiga ukelele. Ukelele hasa, si mguno wa kizee. Mtoto wa watu akauangusha, akaniuliza, "Bibi, vipi?" Nikamwambia nenda zako, ni mgongo tu. Wala haukuwa mgongo. Ilikuwa ile harufu ya mpira na poda, na mdomo wa mtu juu ya kitu chekundu, na mimi nimekuwa tena mtoto mdogo, nimesimama kwenye ufa wa mlango pale kwetu Shinyanga, mkojo unanichuruzika miguuni.

Msinicheke. Wenzangu mliozaliwa zama zetu mnajua tulikua tukiogopa nini.

Sisi tulikuwa watu wa gozi. Babu yangu alitoka Pangani akifuata misafara, kazi yake kuwashonea wapagazi viatu na mikanda. Misafara ilipokwisha akabaki Shinyanga na msharasi wake wa kutobolea ngozi, akaoa Bibi, Msukuma wa huko huko, akawa fundi wa mjini. Reli ilipofika, bwana mmoja wa reli alimletea mpira wa miguu uliopasuka, autie kiraka. Babu hakutia kiraka. Aliufumua wote, kipande kwa kipande, akavichora vipande vile kwenye boksi la sabuni, akakata ngozi ya ng'ombe kwa kufuata michoro. Mpira wake wa kwanza, alivyosimulia Bibi, ulitoka umekaa kama boga. Ukiupiga huku unakwenda kule. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Lakini hakuacha, na alipokufa alimwachia Baba vile vipande vya boksi na uvumilivu wake. Mimi nilipopata akili, mipira ya Fundi Hamisi, ndiye Baba, ilikuwa inachezwa mashuleni, misheni, kwa watu wa reli, na hata huko Geita kwenye migodi ya dhahabu. Tulishona pia njumu, na vikinga ugoko vya turubai vyenye vijiti vya mwanzi ndani.

Kila mtu nyumbani alikuwa na kazi. Masanja, msaidizi wa Baba, mtu mzima mwenye mke na watoto mapacha, alikuwa akikwangua ngozi na kuziloweka kwenye pipa la maganda ya miti ili zilainike. Maji ya pipa lile yalikuwa mekundu, na kila yalipochoka aliyamwaga mferejini nje ya ua. Bibi alipaka uzi wa katani nta. Baba alikata na kushona, mpira ameubana kwa magoti, mikono inakwenda na kurudi, midomo imekaza. Mama siku zile alikuwa kwao Kahama, amekwenda kujifungua, nami nikaachwa na Bibi, ambaye aliniita mke mwenzie na kunigombeza kama mke mwenza kweli.

Na palikuwa na ghala. Chumba kidogo nyuma ya karakana, hakina dirisha, mlango wake una komeo. Mle ndani Baba aliweka vitu vilivyokuja kwa gari moshi kutoka pwani, kwenye debe lililofungwa. Sikujua ni vitu gani. Nilijua tu neno la Baba: "Atakayeufungua mlango huu, ataniona." Baba hakuwa mtu wa kupiga. Ndiyo maana neno lile lilinitisha.

Sasa ongezeni hapo habari za mumiani. Kisimani hazikuzungumzwa nyingine. Mumiani ni mtu kama watu, wanasema, anakusalimu vizuri, ana kazi yake na familia yake, lakini anakamata watu, anawaning'iniza, anawanyonya damu, na damu anawauzia wazungu watengenezee dawa. Utamjuaje? Ana chumba cha giza. Gari la wazungu husimama kwake. Na maji yanayotoka nyumbani kwake ni mekundu. Wasichana wakubwa waliyasema hayo huku wakichota maji, nami nikasikiliza, ndoo imejaa inafurika, nikihesabu moyoni. Chumba, tunacho. Gari, lile lori la mgodini linalokuja kuchukua mipira. Maji, Mtume wangu! Tangu siku hiyo nikawa nauruka ule mfereji wetu nimefumba macho.

Halafu Masanja akapotea. Watu wa mgodini waliagiza mipira mingi wakataka na mtu wa kwenda kuwafundisha kuifunga na kuipaka mafuta. Baba akamtuma Masanja. Alipanda lori akicheka, ametundika njumu shingoni kana kwamba yeye ndiye atakayecheza. Lori likaenda. Liliporudi, dereva akasema, "Yule? Alishuka tangu siku ile ile. Sijui alikoelekea." Baba akaagiza habari kwa kila aendaye upande ule. Hazikurudi.

Mke wake, Mama Kulwa, ndiye aliyekuwa akituletea maziwa. Kila asubuhi alisimama kwenye ua na kibuyu chake, akaamkia kwa Kisukuma, "Wangaluka," Bibi akaitikia "Wangaluka, mayu," yaani mama, kisha Mama Kulwa akamgeukia Baba. "Baba Zena, Masanja yu wapi?" Baba akasema, "Bado, dada yangu. Nimeagiza." Kesho yake vile vile. Baadaye akawa haamkii, anauliza tu. Baadaye tena hakuja kabisa, na maziwa yakakoma, na nilipopita na Bibi sokoni wanawake walivuta watoto wao karibu. Wamenena wahenga: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mimi nililiona likija.

Alasiri moja Bibi amelala, karakana kimya, nikaona mwanga kwenye ufa wa mlango wa ghala. Nikasogea. Wallahi sijui nani alinisukuma. Nikatia jicho. Kibatari kilikuwa chini, na juu yake, kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta, vilining'inia vitu vyekundu. Vinene, vyenye kung'aa, kila kimoja kimefungwa shingo kwa uzi. Na katikati yao Baba amesimama, ameshika kimoja kwa mikono miwili, amekitia mdomoni, macho ameyafumba, mashavu yamejaa. Koo lake linapanda na kushuka.

Baba yangu anakunywa.

Sikupiga kelele. Hofu ya kweli haina sauti, inafungua kibofu chako tu ukabaki na aibu. Nilirudi kinyumenyume mpaka jikoni, nikajifunika gunia la mihogo, nikabaki humo mpaka Bibi alipokuja kunitafuta akinitukana kwa Kisukuma.

Siku zilizofuata siwezi kuzieleza zote, ila nitasema moja. Nilikuwa sili. Nikitazama midomo ya Baba natafuta wekundu. Akinishika mkono naona ananipima. Basi jioni moja tukiwa kwenye sinia, akanitazama sana, akanivutia kipande cha ini, akasema kwa upole, "Umekonda, mwanangu. Kula ini hili, upate damu."

Upate damu! Mzazi gani Mswahili hajawahi kumwambia mwanawe maneno hayo? Lakini mimi niliyasikia kama mbuzi anavyosikia kisu kinanolewa. Nililitafuna lile ini machozi yananitoka. Bibi akasema nimepigwa na jicho la husuda. Baba akasema kama sipati nafuu atanipeleka Kolandoto, hospitali ya wazungu. Nikajua ndiko damu inakopelekwa. Nikamaliza ini lote na kusema nimepona.

Walikuja siku ya mnada wa ng'ombe, Baba ametoka tu kuswali alasiri. Tulisikia kwanza miguu. Watu wa mjini, watu wa vijijini waliokuja mnadani, fimbo mikononi, wengine marungu, na mbele yao Lushinge, mchinjaji, mtu wa mabega, beki wa timu ya mjini. Pembeni yake Mama Kulwa, amejifunga kanga kiunoni, amembeba mmoja wa mapacha na mwingine anamshika mkono. Ua ukajaa. Mmoja alikuwa amebeba kijinga cha moto, mchana kweupe, na paa letu lilikuwa la nyasi.

"Fundi," Lushinge akasema, "hatukuja kwa matusi. Masanja yuko wapi?"

"Sijui," Baba akajibu. "Ningejua ningekwambia. Huyo ni mtu wangu."

"Na humo ghalani una nini?"

"Vibofu."

Neno hilo lilipita kwenye watu kama upepo kwenye mtama. Mtu akasema vya nani. Mwanamke mmoja akaanza kulia. Baba akaenda akafungua mlango wa ghala wazi kabisa. "Karibuni. Aingie anayetaka."

Nani aingie? Waliokuwa mbele wakarudi nyuma wakawakanyaga wa nyuma. Basi Baba akaingia mwenyewe, akatoka na kimoja, hakijajazwa, kimelala kiganjani mwake kama lile ini alilonipa. Mimi nilikuwa nyuma ya gauni la Bibi. "Hiki ndicho kinachokaa ndani ya mpira," Baba akasema. "Ni mpira, kama mpira wa baiskeli. Jua linakiharibu, mafuta yanakiharibu, ndiyo maana nakiweka gizani. Nakipuliza, nakitundika usiku kucha nione kama kinavuja. Tazameni." Akakitia mdomoni.

"Anakunywa!" mtu akapayuka, na ua mzima ukapiga kelele. Kile kijinga kikainuliwa. Nilimwona Baba ameshtuka, kibofu kinanywea mkononi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaona kwamba Baba naye anaweza kuogopa. Jambo hilo lilinitisha kuliko marungu.

"Napuliza, jamani! Napuliza! Basi njoo upulize wewe, Lushinge."

"Mimi? Nitie mdomo wangu hapo?" Lushinge akatema mate. Akatazama huku na huku, akaniona. "Kama ni upepo, mpe mwanao."

Bibi akanikumbata nyuma yake kwa mikono yote miwili. "Mtoto huyu hagusi kitu," akasema. "Mtoto mgonjwa huyu."

"Mnaona?" mtu akasema. "Mama mzazi wa Fundi mwenyewe anajua."

Baba alinitazama. Hakuniamuru. Alikunja magoti akawa kimo changu, kule mbali, kile kitu chekundu mkononi, akaniita kama alivyoniita nilipokuwa najifunza kutembea. "Zena. Njoo, mama."

Ngoja niwaambie nilivyofikiri, maana nimelifikiri tangu siku hiyo na sijapata kulisahau. Sikufikiri kwamba Baba ni mwema. Nilijua alivyo, nilimwona kwa macho yangu. Nilifikiri hivi: watu hawa watamuua. Anataka damu, na mimi ninayo, nimekula ini. Basi aichukue, wamwache. Nikajitoa mikononi mwa Bibi. Ua ule niliozoea kukimbia humo kila siku nikicheza ulikuwa mrefu kama safari ya Kahama. Nilimwona Mama Kulwa akifumba macho.

Nilipofika, Baba akaniwekea mkono kichwani. Nilikuwa natetemeka hata meno yangu yakagonga ile shingo ya kibofu. Nikafumba macho, nikasubiri kitu kinivute. Hakuna kilichonivuta. "Puliza, mwanangu," akaninong'oneza. "Toka tumboni." Nikapuliza. Pumzi ikagoma. Nikapuliza tena, na kitu kikaanza kukua mikononi mwangu, na nilipopumzika upepo ule ule ukanirudia mdomoni, mtamu-mchungu, una poda. Poda! Nilifumbua macho. Kilikuwa kimejaa, chepesi, jua linapita ndani yake, na ndani hamna kitu. Hamna kitu kabisa, jamani. Nilicheka. Watu wanasema nililia, lakini mimi najua nilicheka.

Mama Kulwa ndiye aliyesogea wa kwanza. Alimshusha mtoto, akakiminya kibofu kwa kidole, akakiweka shavuni, akafungua shingo yake kidogo upepo ukampiga usoni. "Yaya," akasema taratibu, yaani hapana. "Ni upepo, gete, upepo kweli."

Baba hakungoja. Alichukua gozi tupu, akasukumiza kibofu ndani, akapuliza, akafunga, akapitisha kamba ya ngozi tundu kwa tundu, vidole vyake vinajua njia. Akaudundisha. Ule mpira ukaruka mara mbili ukabiringika moja kwa moja mpaka miguuni kwa Lushinge, na Lushinge, masikini wa Mungu, aliyekuja kutuua, akautuliza kwa wayo kabla hajajua anafanya nini. Rungu lilikuwa limemponyoka. Mtu nyuma akapiga mluzi, mwingine akasema, "Beki, utoe basi!" na watu wakacheka kile kicheko cha aibu. Mwenye kijinga akakizima mchangani kwa kiatu, akijifanya hakuwa amekibeba.

Mama Kulwa hakucheka. "Upepo nimeuona," akamwambia Baba. "Mume wangu sijamwona."

"Nitamfuata mwenyewe," Baba akasema.

Alfajiri alipanda lori la mgodini. Na msidhani hofu iliisha, maana Lushinge alituwekea vijana wa kukaa kando ya ua wetu usiku na mchana, eti kutulinda. "Kutulinda na nani?" Bibi akawauliza. Alijua, nami nilijua: Baba asiporudi, au akirudi peke yake, kile kijinga kitawashwa tena. Bibi alifunga nguo zake kwenye kanga akaziweka mlangoni. Mimi nililala karibu na zile nguo. Kila gari lililopita barabarani lilinisimamisha moyo, na sikuwa tena namwogopa Baba, nilikuwa namwogopea, na niligundua kwamba hilo linauma zaidi.

Alirudi baada ya siku kadhaa, jua linatua, amekaa nyuma ya lori juu ya magunia, na pembeni yake mtu mweupe kwa vumbi, amekonda, viganja vimepasuka. Masanja. Alikuwa amesikia kwamba watu wanajichimbia dhahabu wenyewe porini, akaingia shimoni na wengine, homa ikampata, akapona, akarudi shimoni tena. Zile njumu zilikuwa bado shingoni. "Nilitaka nirudi na kitu," akamwambia mkewe. Mama Kulwa alimchapa kofi, kisha akalia, kisha akaja kwetu na kibuyu cha maziwa, kwa utaratibu huo huo. Akasema, "Wangaluka," wakati ni jioni. Bibi akaitikia vile vile.

Hakuna aliyetuomba radhi. Lushinge alikuja baada ya muda kuagiza njumu, akazisifu sana kuliko zilivyostahili. Baba alimshonea. Ila komeo la ghala alilitoa, akaniambia kupuliza vibofu ni kazi yangu kuanzia sasa. Niliifanya kazi hiyo miaka mingi. Mipira mingi iliyopigwa Geita na Shinyanga ilikuwa na pumzi ya msichana, na wachezaji hawakujua.

Sikumwambia Baba nilichokiona kwenye ufa. Lakini siku moja ya mvua, nimeshakuwa mwari, tumekaa wawili karakanani, mimi napuliza yeye anashona, akaniuliza bila kuinua kichwa.

"Zena. Siku ile ulitetemeka sana. Wale watu walikutisha, eh?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ingekuwa heri. Lakini mtu aliyenikalia mbele alikuwa Baba, naye hakupata kunidanganya.

"Sikuwaogopa wao, Baba. Nilikuogopa wewe. Niliwahi kukuona ghalani, nikadhani unakunywa damu za watu."

Mkono wake ukasimama. Mvua ilikuwa inapiga paa. 

"Ulidhani hivyo," akasema mwishowe, "hata pale nilipokuita?"

"Hata pale."

"Na ukaja?"

"Nikaja."

Baba aliinama akaendelea kushona. Alikuwa fundi wa kushona hata gizani, lakini jioni ile uzi ulikosa tundu, akajaribu, ukakosa tena, mpaka nikamtoa mpira magotini nikamshonea mimi.